Maradhi ya Akili kwa Vijana Wetu: Picha ya Ubongo Inatwambia Nini?

Katika msimu wa korosho uliopita, baada ya swala ya Isha, alitujia mzee mmoja wa hapa Chiungutwa akitaka fatwa. Mwanawe, kijana wa miaka kumi na saba, alikuwa amebadilika kwa muda wa miezi mitatu: halali usiku, anajibizana na watu wasioonekana, ameacha shule, na anawatuhumu dada zake kwamba wanamtilia sumu katika chakula. Mzee alikwishazunguka kwa waganga wawili na kurudi mikono mitupu. Sasa ameletewa habari mpya. Mpwa wake aliyeko Dar es Salaam amempigia simu kumweleza kuwa wataalamu wamegundua kwamba vijana wenye maradhi ya akili wana ubongo wenye umbo tofauti na wenzao, na kwamba tofauti hiyo inaonekana kwa picha. Basi mzee amekusudia kuweka rehani shamba lake la mikorosho ampeleke kijana mjini akapigwe picha ya kichwa. "Maalim," alituuliza, "rehani hiyo inajuzu, maadamu ni kwa ajili ya matibabu?"

Katika suala la rehani tulimjibu kwa ufupi. Ilivyozoeleka huku kwetu, kwamba mwenye fedha huvuna korosho za shamba alilowekewa mpaka siku atakapolipwa deni lake, ni mlango wa riba kwa kauli ya wanazuoni walio wengi. Ama kudai dharura, haiwi dharura mpaka kwanza ithibiti kwamba kitu kinachotafutwa kina faida. Na hapo ndipo lilipo suala lenyewe. Picha ile ina faida gani kwa kijana yule? Tulimwomba mzee atupe siku chache. Tukasoma, tukawauliza waliosomea tiba, na haya tunayoyaandika ndiyo tuliyoyapata. Tunayaandika hadharani kwa kuwa tunajua kwamba mzee yule si peke yake.

Kwanza tuseme kwa uadilifu kwamba habari aliyoletewa si uzushi. Wala haikuanza leo. Mwaka 1976 daktari Eve Johnstone na wenzake, huko London, walichapisha matokeo ya picha za kompyuta za wagonjwa 17 waliougua skizofrenia kwa muda mrefu. Hayo ni maradhi ambayo mgonjwa husikia sauti zisizokuwepo na kushikilia mambo yasiyo na ukweli. Walikuta kwamba zile nafasi zenye maji zilizomo ndani ya ubongo zimetanuka kwa wagonjwa hao kuliko kwa watu wazima wa afya. Mwaka 2016 ushirika wa watafiti wa nchi nyingi uitwao ENIGMA ulikusanya picha za MRI za wagonjwa 2,028 wa maradhi hayo hayo na za watu 2,540 wasio nayo. Hipokampasi, ambayo ni sehemu inayohusika na kumbukumbu, na amigdala, inayohusika na hofu na hisia, zilikuwa ndogo kidogo kwa wagonjwa, na nafasi za maji zilikuwa kubwa zaidi, kama ilivyoonekana miaka arobaini kabla.

Kisha mwaka 2024, katika jarida la tiba la Lancet Psychiatry, yakatoka matokeo yanayowahusu watoto na vijana wa miaka 7 hadi 21. Walipimwa vijana 1,185 wenye maradhi ya mwenendo, yaani wale ambao ukatili, uongo na uvunjaji wa kanuni kwao umevuka mpaka wa utundu wa umri wao, na wengine 1,253 wasio na tatizo hilo. Gamba la nje la ubongo liligawanywa katika maeneo 34, na katika maeneo 26 upana wake ulikuwa mdogo kwa wale wenye maradhi. Haya ni mambo yaliyopimwa, si dhana, na si haki ya mwenye elimu kuyakanusha kwa sababu tu yametoka kwa watu wasiokuwa wetu.

Lakini kuna neno linalopotea njiani habari hizi zinapopita katika simu za watu. Neno hilo ni wastani. Tuseme tuwapime kimo vijana elfu mbili wa Masasi na elfu mbili wa Newala, tukute kwamba kwa wastani wale wa Newala wamepungua upana wa kidole. Hiyo itakuwa habari ya kweli. Je, akishuka kijana mmoja kutoka kwenye basi, unaweza kumtazama kimo chake ukakata shauri kwamba huyu ametoka Newala? Huwezi, kwa kuwa wapo warefu wa Newala kwa mamia na wafupi wa Masasi kwa mamia. Ndivyo zilivyo tofauti hizi za ubongo. Ni ndogo, zinaonekana pale wanapojumlishwa maelfu, na makundi mawili yanaingiliana kiasi kwamba ubongo wa mgonjwa mmoja waweza kufanana kabisa na wa mzima, na wa mzima ukafanana na wa mgonjwa. Picha hizo hazisemi pia kipi kilimtangulia mwenziwe: maradhi, dawa za miaka mingi, bangi, au utoto wa njaa na mateso. Kila kimoja katika hivyo chaweza kuhusika na umbo la ubongo.

Ndiyo maana, tangu mwaka 1976 hadi leo, hakuna daktari anayetambua skizofrenia au sonona kwa kutazama picha. Huyatambua kwa kumuuliza mgonjwa, kuwasikiliza jamaa zake, kuangalia muda, na kuondoa uwezekano wa maradhi mengine. Katika kazi hiyo ya mwisho picha huhitajika mara nyingine. Mtu aliyeanza kifafa ghafla ukubwani, au anayeumwa kichwa kikali pamoja na kutapika, au aliyepooza upande mmoja, au aliyebadilika baada ya kuanguka kutoka kwenye mkorosho au pikipiki, huyo daktari aweza kuamuru apigwe picha, na jamaa zake wasichelewe. Kinyume cha hapo, kumtoa kijana Chiungutwa mpaka Dar es Salaam kwa fedha ya rehani, ili aambiwe kwamba picha ni safi, ni kuunguza shamba. Tena twaogopa jambo jingine: baba akiambiwa picha ni safi atasema, "Basi si maradhi, ni majini," na kijana arudishwe kwa mganga wa tatu.

Je, tuseme utafiti huo hauna faida kwetu? Faida yake ipo na ni kubwa, ila mzee yule hakuwa na haja ya kuinunua, kwa kuwa wengine wamekwisha kuigharimia. Faida ni kujua kwamba katika maradhi haya kuna kiungo kinachohusika, kama moyo unavyohusika katika maradhi ya moyo. Kijana hakujitia wazimu kwa kukosa adabu, wala mama yake hakumlea vibaya, wala jirani mwenye mti mrefu wa mwembe hakumtumia kitu usiku.

Wazee wetu wanaikumbuka degedege. Mtoto alipokakamaa na kugeuza macho, ilisemwa kwamba amepitiwa na ndege wa kishetani, au jini amemshika. Alifukizwa kwa kinyesi cha tembo, akapelekwa kwa fundi, na wapo waliokataa asichomwe sindano wakiamini kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa. Ni watoto wangapi walizikwa hivyo, Allah ndiye ajuaye. Leo ni nani hapa kijijini asiyejua kwamba nyingi katika hizo zilikuwa malaria iliyopanda kichwani? Hakuna aliyetoka katika Uislamu kwa kulijua hilo. Na watafiti wa KEMRI huko Kilifi, Kenya, wameonyesha kwamba baadhi ya watoto wanaopona malaria hiyo hubaki na athari: kifafa, uzito wa kusema, kumbukumbu mbovu, tabia iliyobadilika. Mwalimu wa madrasa anayemwita mtoto kama huyo mjinga hajui anamsema nani.

Mahenge, kule Ulanga, yalitokea yanayokaribiana na hayo. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alifika huko mwaka 1959, akakuta watu wa kifafa wametengwa, wanakula peke yao, na wengine wana makovu ya moto kwa sababu walipoangukia jikoni watu waliogopa kuwagusa. Miongoni mwao walikuwamo watoto waliokuwa wakiinamisha kichwa mara kwa mara kama wasinziao, kisha akili zao zikidumaa. Miaka mingi baadaye baadhi ya watoto wa namna hiyo walipigwa picha za MRI, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwa baadhi yao athari katika hipokampasi. Maradhi hayo yamehusishwa na usubi, mdudu anayeenezwa na inzi wa mitoni, ingawa namna anavyouathiri ubongo bado inachunguzwa.

Watakuwapo watakaosema kwamba mwandishi anakanusha majini. La. Hatukanushi yaliyothibiti, wala hatuzuii kumsomea mgonjwa. Tunachosema ni kwamba wanaotaja jina la Ibnul Qayyim kila anapoanguka mtu hawakumsoma mpaka mwisho. Mwanazuoni huyo, aliyefariki mwaka 751 Hijria, ameigawa swar'u katika aina mbili: moja inayotokana na pepo wabaya, na nyingine inayotokana na mwili, ambayo sababu zake na tiba yake ndiyo wanayoizungumzia matabibu. Aina ya pili imesahauliwa na watu wetu kana kwamba haikuandikwa. Karne nne kabla yake, Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria, aliandika kitabu kizima juu ya maslahi ya miili na nafsi, akatofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa, na huzuni isiyojulikana sababu yake, ambayo aliinasibisha na hali ya mwili. Na hospitali aliyoijenga Sultani Qalawun mjini Cairo mwaka 1284 ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Waislamu wa zama hizo walikuwa na Qur'ani ile ile tuliyo nayo sisi, na bado waliwajengea wodi.

Na hapa hatuna budi kujisema wenyewe. Miaka kadhaa nyuma tulikuwa na mwanafunzi aliyehifadhi juzuu kumi na moja kabla hajafika miaka kumi na sita. Alikuwa mwepesi wa kusoma, na adabu yake tukiwapigia mfano wengine. Kisha akaanza kuchelewa, akawa haogi, akisomeshwa aya anacheka. Tulimwonya. Tulipoona haonyeki tulimchapa bakora mbele ya wenzake, naye alisimama akitutazama kama asiyejua anachapwa kwa lipi. Baadaye akatwambia kwamba anasikia watu wakimsoma nyuma ya ukuta, na hapo sisi tukahama kutoka katika bakora kwenda katika ruqya. Tulimsomea kila Alhamisi kwa muda wa miezi minane. Baba yake alipotaka kumpeleka hospitali tulimwambia asiwe na haraka, kwa kuwa kuna nafuu. Nafuu hiyo tuliiona sisi peke yetu. Mama yake, ambaye ndiye aliyekuwa akikesha naye, hakuwahi kuiona, na hatukumuuliza.

Alifika hospitalini ulipopita mwaka na nusu tangu siku ile ya bakora. Wanaotibu maradhi haya wamekwisha kuthibitisha kwamba kadiri mgonjwa anavyokaa muda mrefu bila ya tiba tangu yalipoanza, ndivyo kupona kwake kunavyokuwa kugumu. Kijana yule leo anapulizia salfa mikorosho ya baba yake, anaswali, na huzungumza na watu vizuri akiwa anatumia dawa. Zile juzuu hazikurudi ila mbili. Hatuwezi kusema kwa yakini kwamba zingebaki lau tungemwacha baba yake aende siku ile. Lakini hatuwezi kusema pia kwamba zisingebaki, na jambo hilo tumelala nalo usiku mwingi.

Limebakia suala la bangi, maana ndilo linalofungia mjadala katika vijiwe vyetu. Kijana akiharibikiwa, watu husema, "Huyo ni bangi tu, amejitakia." Basi hapewi nauli, hapelekwi popote, na mwisho wake hufungwa mnyororo nyuma ya nyumba. Wanazuoni wa Usuul, hasa wa madhehebu ya Hanafi, wameyagawa mambo yanayoondoa au kupunguza wajibu wa mtu katika mafungu mawili: yale ya mbinguni, ambayo mja hana mkono wake ndani yake, na yale ya kujichumia. Wazimu wameuweka katika fungu la kwanza, pamoja na udogo wa umri, kusahau, usingizi na kuzimia. Ulevi wameuweka katika fungu la pili. Mgawanyo huo ni mzuri, lakini kijana wa bangi anasimama katikati yake. Kuvuta amejichumia, na madaktari wamethibitisha kwamba kuvuta mapema na kwa wingi huzidisha hatari ya kupatwa na wazimu. Je, na wazimu wenyewe, ukishampata, utauweka fungu gani? Sisi tunaona kwamba dhambi ya kuvuta ni yake, na maradhi ni maradhi. Aliyepanda mkorosho wa watu kuiba akavunjika mguu ni mwizi, na mguu wake bado unafungwa bandeji.

Tena kuna jambo la kututia hadhari kabla ya kusema "amejitakia". Mwishoni mwa mwaka 2024 yalichapishwa Marekani matokeo ya kuwafuatilia watoto 9,804 kwa miaka mitatu. Walipigwa picha za ubongo wakiwa na umri wa miaka tisa mpaka kumi na moja. Walioanza pombe, sigara au bangi kabla ya kutimiza miaka 15 walikuwa na tofauti katika zile picha za mwanzo, na nyingi katika tofauti hizo zilionekana hata kwa ambao walikuwa hawajaonja chochote siku ile ya picha. Na ajabu ni kwamba kwa wastani ubongo wao ulikuwa mkubwa zaidi, si mdogo, jambo linalotosha kumnyamazisha anayedhani kwamba akili hupimwa kwa rula. Hatusemi kwamba umbo la ubongo linamlazimisha mtu kuvuta. Wengi wenye tofauti hizo hawakuvuta. Tunasema kwamba vijana hawaanzi safari wakiwa na mzigo sawa, na mwenye mzigo mzito huangaliwa mapema zaidi kabla hajaanguka.

Basi tulimwambiaje mzee? Tulimwambia asiweke rehani hata mti mmoja. Fedha aliyonayo aigawe katika nauli za miezi mingi, kwa sababu maradhi haya hayatibiwi kwa safari moja. Aanzie zahanati au kituo cha afya, apewe rufaa, na aeleze yote bila ya kuficha, pamoja na bangi kama ipo na dawa za waganga alizokunywa kijana. Dawa za hospitali, kama haloperidoli na kloropromazini, au ile sindano ya kila mwezi, zinaweza kumfanya mgonjwa akakamae shingo, atetemeke mikono au atokwe na udenda. Familia nyingi zikiona hivyo husema dawa inamuua, huikatiza, na baada ya muda mgonjwa huanza upya. Dalili hizo hurekebishwa kwa kupunguza kipimo au kuongeza kidonge kingine, kwa hiyo zikitokea arudi kwa daktari asiende kichochoroni. Mwezi wa Ramadhani usiwe sababu ya kuacha vidonge, kwani mgonjwa ana ruhusa yake, na wakati wa kumeza upangwe na daktari. Asimfunge kamba. Asiwaruhusu watoto wa mtaa kumwita wa Mirembe. Na akitaka kumsomea, amsomee yeye baba mwenyewe, jioni, bila ya malipo na bila ya kumpigia kelele masikioni.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama na sisi tungekubali kwenda naye, maana kijana hamwamini tena mtu wa nyumbani. Tulikwenda Jumatatu kwa gari la asubuhi. Daktari hakuomba picha. Aliuliza yalianza lini, baba akasema miezi mitatu, na kijana mwenyewe, aliyekuwa kimya njia nzima, akasema si kweli, yalianza wakati wa kupalilia. Kumbe alikuwa ameficha karibu mwaka mzima kwa kuogopa kuchapwa.